Malango Matatu, Nafasi Nne

Kwa miezi kumi na minne jukwaa la mtandaoni la kanisa letu, Meza Ndefu, halikuwa na ugomvi hata mmoja. Nilikuwa na takwimu. Kila mwisho wa mwezi niliiandikia kamati: wanachama 612, malalamiko sifuri. Niliipenda ile sifuri. Mimi ni mtaalamu wa maabara hospitalini, na sifuri iliyopatikana kwa utaratibu ni kitu kizuri kukitazama.

Utaratibu wenyewe ulikuwa wangu. Mwaka juzi mtu aliuliza jukwaani kama ni halali kuomba mvua isinyeshe siku ya harusi yake, ilhali jirani yake amepanda mbegu wiki hiyo hiyo. Ndani ya siku mbili zikaja hoja mia tisa na arobaini. Wanakwaya wawili waliacha kusalimiana, bwana harusi akasogeza tarehe, na mvua, kwa kumbukumbu tu, haikunyesha tarehe ya kwanza wala ya pili. Kamati ikataka nidhamu. Nikawapa njia ya maabara: sampuli hupokelewa, hupimwa, husainiwa, mikono mitatu, hakuna kuruka mkono. Ujumbe mfupi, usiozidi maneno ishirini, kama vile Amina, Ubarikiwe na picha za maua, ungepita wenyewe. Mrefu kuliko huo ungesubiri meza ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu. Meza ya kwanza alikaa Fundi Redio, ambaye hutengeneza redio, simu na chochote chenye waya. Ya pili alikaa Katibu wa kanisa, mkaguzi wa shule mstaafu. Ya tatu ilikuwa yangu.

Ili watu wasivunjike moyo wakisubiri, tulipanga mwandishi auone ujumbe wake kama umeshatoka. Nilidhani ni wema.

Mwanzoni tulipitisha kumi na tano kwa siku. Fundi Redio akahamia mji mwingine na kuahidi kuendelea na kazi akiwa huko. Asubuhi moja nikafungua meza yangu nikaikuta tupu. Kesho yake tupu. Katibu naye yake tupu.

"Watu wametulia," alisema Katibu.

Nikakubali. Jukwaani maua yaliongezeka.

*

Jumamosi ninayoieleza, Katibu alifika kwangu saa nne asubuhi, kaunda suti imenyooshwa hadi mifukoni, akiwa na bahasha ya kaki chini ya kwapa. Shangazi yangu alikuwa sebuleni tangu saa tatu, ameweka cherehani yake ya mkono juu ya meza ya kulia, anapunguza kiuno cha suruali tatu za kaka yake, yaani baba yangu. Hii ilikuwa mara ya pili kuzipunguza tangu mwaka uanze.

"Karibu, Katibu," Shangazi alisema, pini mbili mdomoni. "Kaa, ila si kwenye hicho kiti. Kina pini."

"Nimekuja kikazi, dada."

"Pini hazibagui."

Katibu alikaa kwenye kiti kingine, baada ya kukikagua. Alikuwa na mambo mawili. La kwanza nililijua: kamati imeamua Meza Ndefu ifungwe leo saa sita kamili mchana, na mahali pake uwekwe ubao wa matangazo ambao ofisi peke yake ndiyo itakayoandika. Sababu: hakuna anayezungumza. Ushahidi: ripoti zangu.

La pili lilikuwa kwenye bahasha.

"Baba yako ameandika barua, binti. Anaomba jina lake litolewe kwenye daftari la washirika. Kwa utaratibu inasomwa mbele ya ibada kesho, na ikishasomwa, basi. Nimeona si vizuri ukaisikie kanisani kama watu wengine."

Cherehani ikanyamaza. Shangazi akatoa pini mdomoni, moja, ya pili.

Baba yangu ni mpima ardhi mstaafu. Miaka thelathini na minane amezika nguzo za mipaka, zile wapimaji wanazoziita bikoni, na kanisani amekaa benchi la tatu kutoka mbele kwa muda mrefu kuliko huo. Miaka miwili iliyopita alianguka bafuni, nyonga ikafungwa chuma, na ngazi za kanisa ni kumi na tisa. Tangu hapo Meza Ndefu ndiyo iliyokuwa benchi lake. Aliandika kwa jina la Bikoni. Kisha akaacha. Nikimuuliza alisema macho yanamchoka, ingawa gazeti aliendelea kulisoma hadi matangazo ya minada.

Barua ilikuwa ya mistari minne, kwa mwandiko wake wa ramani, kila herufi imesimama peke yake. Nimewauliza wenzangu maswali ishirini na sita katika wiki ishirini na sita. Sikujibiwa hata moja, hata kwa Amina. Nimeelewa. Naomba mnitoe kwenye hesabu yenu kwa amani.

"Maswali gani?" nilisema. "Sijaona swali lake hata moja kwa zaidi ya mwaka."

"Mimi pia," alisema Katibu.

"Kaka yangu hasemi uongo," alisema Shangazi. "Huudhi watu, hilo nakubali. Ila haongopi."

Chumba cha Baba kiko mwisho wa korido. Mlango ulikuwa umefungwa, na redio ilisikika kwa mbali.

Nilifungua kompyuta kwa ajili ya kufunga jukwaa, kwa kuwa ndiyo kazi iliyokuwa imetuleta mezani. Nilibonyeza Funga. Mtambo ukauliza jambo ambalo haukuwa umewahi kuniuliza: meza ya kwanza ina ujumbe 417 usiosomwa, ukiendelea, wote utafutwa. Endelea au Ghairi.

Kazini, sahani ya kuoteshea vijidudu ikitoka safi, mtu hasemi moja kwa moja kwamba mgonjwa hana ugonjwa. Kwanza huuliza kama kabati la joto lilikuwa limewashwa. Wanafunzi wangu nimewauliza hivyo mpaka wananiigiza nikipita koridoni. Kwa miezi kumi na minne sikuwa nimejiuliza mwenyewe.

Nikabonyeza Ghairi na kumpigia Fundi Redio.

*

"Dada yangu!" Nyuma yake nyundo ilikuwa ikigonga na mtu akijaribu spika. "Mmenikumbuka leo? Nilijua mlishanitoa."

"Nani alikutoa?"

"Si nyinyi! Nilipohama simu iliingia ndani ya godoro, godoro likaenda kwa shemeji. Simu mpya nikaifungua, meza haipo. Nikasema haya, wamepata mtu mwenye elimu."

"Kwa nini hukuuliza?"

"Niliuliza. Niliandika jukwaani, ujumbe mrefu kabisa."

Ujumbe wake, tuliukuta baadaye, ulikuwa wa tano kwenye foleni.

"Nahitaji neno lako la siri," nilimwambia. "Kwa idhini yako nitafungua meza yako."

Nyundo ikanyamaza. "Katibu yupo hapo?"

"Yupo, na simu iko wazi. Anakusikia."

"Basi sina neno la siri."

"Fundi," alisema Katibu, "taja neno. Hii ni shughuli ya kanisa."

"Kwa heshima zote, mzee wangu. Nilikuwa kijana."

"Ni mwaka juzi tu."

"Nimekua sana tangu mwaka juzi." Akavuta pumzi. "Katibu hacheki. Bila kuacha nafasi, herufi ndogo zote. Halafu saba."

Shangazi alijifunika uso kwa suruali ya Baba. Mabega yake yalitikisika kwa muda. Katibu alitazama ukuta, kisha akaniambia, kwa sauti ya mtu anayesoma kumbukumbu za kikao, "Liandike."

Niliandika. Meza ikafunguka. Ujumbe 417, wa kwanza wa miezi kumi na minne iliyopita, wa mwisho wa jana. Nikatafuta jina la Bikoni. Ishirini na sita, mmoja kila Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi.

"Ni ushahidi wa kutosha," nilisema. "Tuupitishe wote."

"Haiwezekani," alisema Katibu. "Kila ujumbe husomwa na mikono mitatu. Ni utaratibu wako, binti, na ni mzuri. Sasa ni saa nne na dakika arobaini. Ujumbe mia nne kumi na saba hausomeki hadi saa sita. Tutamweleza mzee kwamba mtambo ulikosea, tutamwomba radhi, tutafunga."

"Na barua?"

"Akiiondoa mwenyewe, sawa. Mimi siwezi kuiondoa. Imeshapigwa mhuri."

Nilimjua baba yangu. Ukimwambia mtambo ulikosea atauliza nani aliuweka, na jibu lilikuwa limekaa mbele ya kompyuta. Halafu atasema asante, atarudi kwenye redio yake. Radhi hakuihitaji. Alichokosa ni kujibiwa, na aliyeweza kumjibu alikuwa nje ya foleni, haoni swali.

"Basi soma machache tu," alisema Shangazi. "Kwa kumbukumbu. Kabla hatujayazika."

Kwa kumbukumbu, Katibu alikubali. Neno lile ana udhaifu nalo. Akavaa miwani na kusoma wa kwanza kwa sauti.

Dereva wa lori aliuliza: akiomba akiwa anaendesha, afumbe macho kama alivyofundishwa au ayafumbue, na kama akiyafumbua, je, ni maombi kamili au nusu?

"Huyu asifumbe!" Katibu aliruka kidogo kitini. "Nani alimfundisha kufumba? Hakuna mahali palipoandikwa kufumba! Nipe nimjibu."

"Huwezi kumjibu. Haujapita."

"Lakini yuko barabarani!"

"Uliandikwa mwezi wa tatu mwaka jana."

"Basi ndiyo haraka zaidi. Pitisha." Nikapitisha meza ya kwanza kwa niaba ya Fundi, Katibu akapitisha ya pili, nikapitisha ya tatu. Katibu akajibu kwa vidole viwili, kwa nguvu, kama anayegonga mlango.

Uliofuata ulitoka kwa mwanakwaya: je, malaika wote huimba sauti ya kwanza? Maana kila picha wanafanana na wasichana wa sauti ya kwanza, na yeye ni mwimba besi mwenye kilo mia na tano, angependa kujua kama huko mbele kuna kazi.

"Swali la kijinga," alisema Katibu. Akavuta kompyuta karibu. "Ila jibu lipo. Pitisha."

Halafu mama mmoja aliyemchukia jirani yake miaka tisa na sasa amemsamehe. Jirani hakuwahi kujua kwamba anachukiwa, na sasa anashangaa kuletewa salamu kila asubuhi. Amwambie au amwache?

"Amwache!" alisema Katibu.

"Amwambie!" alisema Shangazi. "Mtu ana haki ya kujua kwamba amechukiwa miaka tisa. Mimi ningefurahi."

"Dada, msamaha si tangazo."

"Na chuki si siri ya serikali! Pitisha, binti yangu, nimjibu mwenyewe. Simu yangu iko wapi?"

Simu yake ilikuwa chini ya suruali, na ilikuwa imeanza kulia. Yangu pia. Dereva wa lori alikuwa amejibu: asante sana, alikuwa amefumba jicho moja moja kwa zamu tangu mwaka jana. Mwimba besi alituma alama kumi na moja za kicheko. Mtu akauliza kwa maneno kumi na mawili nani ameamka. Mwingine akasema kama swali la malaika limepita baada ya mwaka mzima, basi lake kuhusu kulala kanisani nalo lipite. Lilikuwa la sabini na mbili kwenye foleni. Tukalipitisha.

Kufikia saa tano na robo tulikuwa na mwendo wa kiwandani: mimi nasukuma, Katibu anasoma, anakasirika, anapitisha, mimi nasaini, anajibu. Shangazi alikuwa na tepu yake ya kupimia shingoni kama daktari na alikuwa anagombana na watu wanne kwa wakati mmoja, wote akiwaita "mpenzi".

Kisha Katibu alisoma ujumbe wa mtu aliyejiita Sauti ya Mezani.

"Mume wangu akiombea chakula humpangia Mungu hoja kwa namba: kwanza, pili, tatu, na kila hoja ina vifungu. Chakula kinapoa. Je, ni dhambi mimi kusema Amina kabla hajafika..." Akasimama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Kabla hajafika nne."

Tulimjua mwanamke mmoja tu aliyeolewa na mtu wa aina hiyo.

"Mimi huishia tano," alisema Katibu polepole.

Mdomo wake ukafanya kitu upande mmoja, kama mtu anayezuia chafya. Ikaja sauti nyembamba, halafu nyingine, halafu mkaguzi wa shule mstaafu akalala juu ya meza ya kulia, kipaji kwenye kitambaa, mkono mmoja ukipiga mbao.

"Fundi!" Shangazi alipiga kelele kwenye simu yangu, ambayo haikuwa imekatwa muda wote huo. "Badilisha neno lako la siri!"

"Nasikia!" alijibu Fundi Redio. "Nasikia, na siamini!"

"Pitisha," alisema Katibu alipoweza. "Na mimi nitamjibu. Nitamjibu kwa hoja moja."

Alijibu: Sema.

*

Ilikuwa saa tano na dakika ishirini na tano. Maswali ishirini na sita ya Baba niliyaweka juu ya foleni. Swali lake la mwisho lilihusu mji ule wa mwisho katika Maandiko, ule wa mraba wenye malango matatu kila upande. Katibu alilisoma bila kukatiza.

Baba alikuwa amefanya hesabu. Kila upande una takriban kilomita elfu mbili na mia mbili. Malango yakipangwa sawasawa, kutoka kwenye kona hadi lango la karibu ni kilomita mia tano na hamsini. Yeye kwa nyonga yake hutembea mita mia nne kwa siku, pamoja na mapumziko. Akifikia kwenye kona, itamchukua siku 1,375, yaani miaka mitatu na miezi tisa. Haombi kubebwa. Anauliza tu: je, kuna anayejua kama wanaochelewa husubiriwa?

Katibu alipitisha. Nilisaini. Mwisho wa korido simu ya Baba ikatoa mlio mmoja.

Wa kwanza kujibu alikuwa Fundi Redio. Kupitia simu tulimsikia akiandika, akitamka kila neno kwa mnong'ono. Bikoni, mzee wangu, malango yale hayafungwi. Imeandikwa. Tembea taratibu.

Simu ya Baba ikalia tena. Redio ikazimwa.

Baadaye nilihesabu majibu: sitini na mawili kwa dakika ishirini. Dereva wa lori alisema atapita kwenye kona yoyote atakayotajiwa. Mwimba besi alisema kama mita ni mia nne kwa siku, kwaya nzima inaweza kutembea mwendo huo na kufanya mazoezi njiani. Shangazi, ambaye swali hilo lilimfanya apanguse macho kwa suruali aliyokuwa ameishona, aliandika kwamba anachotaka kaka yake ni kituo cha pikipiki na asione haya kusema. Mwishowe akaingia Mchungaji mwenyewe, ambaye hakuwa ameandika Meza Ndefu tangu ile harusi. Alimsalimu Bikoni kwa upole, akasema amemkosa benchi la tatu, akaongeza kwamba, kwa hesabu yake, elfu mbili na mia mbili ukigawa kwa malango matatu ni kilomita mia saba thelathini na tatu.

Mlango wa mwisho wa korido ukafunguka.

Tulisikia fremu yake ya kutembelea ikigonga sakafu: gonga, mguu, mguu, gonga. Kwa kawaida korido ile humchukua dakika nne. Sikupima, na ninajuta, lakini haikufika mbili. Alitokea amevaa shati la ibada juu ya suruali ya kulalia, miwani kipajini, simu mfukoni ikilia bila kupumzika.

"Nani amemfundisha Mchungaji kugawa?"

"Shikamoo, mzee," alisema Katibu, akisimama.

"Marahaba. Malango matatu huacha nafasi nne! Kona si lango! Hili kosa nimeliona kwa vijana wa uzio miaka thelathini na minane, sikutegemea kuliona madhabahuni. Mia saba thelathini na tatu! Atawapitisha watu kilomita mia na themanini na tatu mbele ya lango, na wengine wana miguu mibaya!"

"Kaka," alisema Shangazi, "kwanza kaa. Si kwenye hicho kiti."

"Sikai. Nipeni karatasi. Haelewi kwa maneno, lazima achorewe."

"Baba," nilisema, "maswali yako hayakuwa yametoka. Yote ishirini na sita. Utaratibu ulikwama meza ya kwanza, na utaratibu ni wangu. Nilipaswa kukagua."

Alishusha miwani, akanitazama kupitia vioo, kisha juu yake.

"Miezi mingapi?"

"Kumi na minne."

"Na hukurudi kuangalia bikoni ya kwanza?"

"Sikurudi."

"Mwanangu." Alilisema kama anavyosema mpimaji kwa mpimaji, na nilijua nitalisikia tena kwa miaka mingi. "Tutaongea. Sasa karatasi!"

Mezani palikuwa na kitambaa, cherehani, kompyuta na bahasha ya kaki. Baba aliifungua bahasha, akatoa barua, akaigeuza upande mweupe, akaomba kalamu kwa Katibu.

"Mzee," alisema Katibu, "hiyo ni nyaraka rasmi. Ina mhuri."

"Mhuri uko upande wa pili. Kalamu."

Katibu alitoa kalamu mfukoni. Baba alichora mraba bila rula, na ulikuwa mraba. Akaweka malango kumi na mawili, akaandika mia tano hamsini mara nne kwenye upande wa kaskazini, akapiga mstari chini ya kona. Shangazi akamshikia karatasi, mimi nikapiga picha, ikatumwa. Mwandiko wa upande wa pili ulionekana kidogo kwa mwanga wa dirisha, kinyumenyume, hausomeki.

"Na kesho?" Katibu aliuliza, akiitazama karatasi. "Kwenye ibada nisome nini?"

"Soma huo mchoro," alisema Baba, akiketi, hatimaye, kwenye kiti chenye pini. Alichosema alipoinuka hakipo kwenye kumbukumbu.

Saa sita kamili ilipita. Katibu aliiona ikipita, nilimwona akiiona. Alikuwa katikati ya hoja na mtu wa kulala kanisani, na alikuwa amefika "tatu, kifungu cha pili". Saa saba mchana nilifunga hesabu ya siku kwa ajili ya kamati, kama kawaida: wanachama 612, waliozungumza 203, malalamiko kumi na tisa. Moja lilikuwa la Mchungaji, akidai kwamba kona nayo inaweza kuwa na lango dogo. Baba alikuwa anamjibu.